Kufuga na Kufunga: Paka, Majani na Dhima ya Mwenye Nyumba

Wahenga wa mwambao walinena kuwa paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Methali hii hutumika zaidi kuwasuta wanadamu, hasa yule aliyetunukiwa kizuri na moyo wake ukabaki kwa kingine. Lakini methali ina ganda na ina kiini, na kwa leo naomba tuliweke kando suto hilo, tuyachukue maneno kwa uwazi wake na tumtazame paka mwenyewe. Aliyeitunga methali hii alikuwa amemtazama paka kwa makini. Aliona kuwa kushiba ni jambo moja na matilaba ni jambo jingine. Kwamba tumbo laweza kujaa ilhali nafsi ingali ikitafuta. Hakumtaka paka hoja. Alikiri tu kuwa ndivyo alivyo.

Sasa na tuongeze jambo ambalo methali haikulitaja. Paka huyo huyo, asiyeshiba kwa wali, huonekana mara kwa mara akitoka uani, akainama penye ukoka, akalilaza jani upande wa magego, akalitafuna kwa bidii na macho ameyafumba nusu, kisha akaenda zake. Pengine baada ya muda mfupi atalitapika juu ya mkeka uliofutwa asubuhi hiyo. Kwa nini mla nyama ale jani? Na ikiwa paka huyo hana ua wa kutokea, kwa kuwa sisi wenyewe tumemweka ghorofani na mlango tumeupiga komeo, je, jani lile ni haki yake juu yetu, au ni upuuzi wake tu? Hili ni swali dogo kwa umbo. Lakini maswali madogo yana fadhila moja: mtu hawezi kuyajibu kwa hotuba.

Na tuanze kwa yale yanayojulikana. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, si kwa hiari. Mwili wake hauwezi kujitengenezea kwa kutosha baadhi ya vitu vilivyomo katika nyama, kama vile taurini, na akivikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka na moyo wake kudhoofika. Mwaka 2005 wanasayansi walibainisha kwamba jeni mojawapo ya zile zinazouwezesha ulimi kuonja utamu wa sukari imeharibika katika ukoo wa paka, kuanzia huyu wa jikoni hadi chui milia. Paka hajui utamu wa sukari. Basi halili jani kwa utamu, wala halili kwa njaa, maana tumbo lake haliwezi kupata riziki ya maana katika ukoka.

Watu wengi wamezoea kusema kuwa paka hula majani akiwa mgonjwa, ili atapike. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa kuwauliza wenye paka zaidi ya 1,000. Paka 71 katika kila 100 walikuwa wameonwa wakila majani si chini ya mara sita. Katika hao, 91 katika kila 100 hawakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa kabla ya kula, na waliotapika mara kwa mara baada ya kula walikuwa kadiri ya robo tu. Kwa hiyo ile kauli kwamba mla jani ni mgonjwa haisimami. Paka mzima hula jani, na mara nyingi hatapiki.

Maelezo wanayoyapa nguvu watafiti hao yanatupeleka mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hakutarajia kupelekwa, nako ni milima ya Mahale, mashariki mwa Ziwa Tanganyika. Huko, na pia Gombe, sokwe wamechunguzwa kwa miongo mingi, na imeonekana kwamba baadhi ya nyakati huchukua majani yenye malaika makavu, wakayakunja ulimini na kuyameza mazima bila kuyatafuna. Majani hayo hupita tumboni na kutoka yalivyoingia, na mara nyingine hutoka pamoja na minyoo. Mwaka 1987, huko huko Mahale, Mmarekani Michael Huffman pamoja na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa dawa za Kitongwe, walimfuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mnyonge, halili vizuri, halezi mwanawe kwa raha. Wakamwona akikata matawi ya mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akiyamenya na kufyonza utomvu wake. Na siku iliyofuata nguvu zilianza kumrudia. Mzee Kalunde hakushangaa, kwa kuwa mti huo kwao ni dawa ya tumbo.

Sokwe si paka, na mjonso si ukoka. Hata hivyo kisa hicho kinatoa nuru. Huenda paka wa mwituni, mababu wa hawa wetu, walikula majani ili matumbo yao yasukume minyoo nje; na hamu hiyo ikarithiwa kizazi kwa kizazi hata ikamfikia paka wa leo, aliyepewa dawa ya minyoo kwa sindano au kwa kidonge na asiye na mnyoo hata mmoja. Kama ndivyo, basi jani lile ni dawa iliyousahau ugonjwa wake. Paka analila kama mtu anayetamka neno la kale katika ngoma ya unyago, neno ambalo maana yake imepotea na nguvu yake imebaki.

Hapa ndipo linapoanza swali la maadili. Ikiwa jani halimlishi, halimtibu kitu alicho nacho sasa, na wakati mwingine humtapisha, je, tuna wajibu wa kumpatia? Au tuseme hivi kwa upana zaidi: tulichokichukua chini ya ulinzi wetu, je, tunakidai uhai wake tu, au tunakidai pia yale mambo yake ambayo sisi hatuyaelewi?

Lugha yetu imeweka maneno mawili jirani sana. Kufuga, na kufunga. Sisemi kuwa yana shina moja. Hilo nawaachia wanaisimu. Nasema tu kwamba kwa sikio la mshairi yametengana kwa sauti moja ya puani, nyembamba kama ufa wa mlango. Mfugaji na mfungaji wote wawili wanamzuia kiumbe kwenda atakako. Wote wawili wanampa chakula kwa saa yake. Tofauti iko wapi? Jibu la haraka ni kwamba mfugaji anapenda na mfungaji anaadhibu. Lakini mfungwa hapungukiwi na kifungo chake kwa kuwa askari wa zamu ana moyo mwema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tofauti lazima itafutwe katika hali ya yule aliyezuiwa, si katika moyo wa yule aliyezuia.

Jambo hili lina msingi wa kale katika mafunzo ambayo wengi wa mwambao tumelelewa nayo. Kila mtoto wa chuoni amesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia hata akafa. Hakumpa chakula wala hakumwachilia ajitafutie katika ardhi. Wasimulizi wengi huishia kwenye njaa, wakaifanya hadithi kuwa ya ubahili. Lakini ina makosa mawili yaliyounganishwa: kutolisha, na kutoachilia. Lau angalimwachilia asingedaiwa chakula. Ni kule kufunga kulikomtwika deni la kulisha. Mfungo ndio uliozaa dhima.

Na kuna neno katika hadithi hiyo ambalo mfasiri hawezi kulipita bila kusimama. Kile ambacho paka angekitafuta lau angaliachwa kimeitwa kwa Kiarabu khashashi ya ardhi. Wafasiri wetu huandika wadudu wa ardhini, na wako sawa, kwani ndivyo walivyosema wanazuoni wengi, na kuna riwaya nyingine inayolieleza hivyo. Lakini wapo waliosema kuwa makusudio ni mimea ya ardhi. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vinasomeshwa mpaka leo katika visiwa hivi, aliitaja kauli hiyo na akaiona kuwa ni dhaifu au ni kosa. Mimi si mtu wa kumpinga Imamu katika lugha ya Waarabu. Wadudu ndiyo tafsiri. Hata hivyo hunistaajabisha kwamba kulikuwa na mtu, zamani hizo, aliyelisoma neno hilo akaona majani. Huenda alikosea neno. Paka hakumkosea.

Mwanazuoni mwingine wa madhehebu ya Shafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwenye kuwamiliki. Alitaja kuwalisha hata wakizeeka au wakiugua ugonjwa usiowaacha na manufaa tena, kutowabebesha wasichoweza, na kutowachanganya na wanaowadhuru. Kilicho kikubwa katika orodha hiyo ni kwamba haki ya mnyama haitokani na faida yake kwetu. Ng'ombe asiyekamuliwa bado anadai majani. Karne tano baadaye, mwaka 1789, Mwingereza Jeremy Bentham alichapisha hoja yake mashuhuri kwamba katika kupima haki ya mnyama tusiangalie kama ana akili au ana usemi, tuangalie kama anaweza kuumia. Watu hawa wawili hawakujuana, lakini wamekutana njiani.

Hata hivyo kipimo cha maumivu peke yake hakitoshi kwa swali letu. Paka aliyekosa jani haumii kwa namna tunayoiona. Halii usiku, hakondi. Anakaa dirishani, basi. Mshairi angeyasema hayo hivi:

Paka wangu yumo ndani, dirishani atazama,
Aliona jani chini, akaona kama nyama,
Si chakula cha tumboni, ila roho yalalama,
Nimpe ama nihini, lipi hapo lenye wema?

Tusilikimbilie jibu, maana upande wa kuhini una hoja zake, na hoja hizo ni nzito.

Hoja ya kwanza ni sumu. Kinachomfaa mtu kinaweza kumwua paka, kwa sababu ini lake limeumbwa kwa mla nyama, na limekosa baadhi ya njia za kuvunja sumu ambazo maini yetu yanazo. Kidonge kimoja cha parasetamoli, tunachokimeza kwa kuumwa kichwa, chaweza kumwua. Mshubiri tunaoutumia kwa tumbo na kwa ngozi humtia paka kuhara na kutapika. Lile ua ambalo wafasiri wa vitabu vya dini walilifanya yungiyungi, yaani lili ya mtungini yenye harufu kali, ndilo la hatari kuliko yote: petali, jani, chavua aliyojilamba manyoyani, hata maji ya chombo lilimowekwa, huweza kuzivunja figo za paka kwa siku chache. Tusilichanganye na yungiyungi la bwawani, ambalo ni mmea mwingine kabisa. Mtapo, ule mti wa pambo unaofanana na mnazi mfupi, una sumu ya ini, na kokwa zake ndizo mbaya zaidi. Mnyaa una utomvu unaounguza macho na kinywa. Oleanda, inayopandwa kwa maua yake kando ya barabara na mbele ya mahoteli, hushambulia moyo. Ongeza juu ya hayo dawa za kuulia magugu, dawa za panya, na dawa za kupe zenye pemethrini ambazo mbwa huzistahimili na paka humtetemesha hata akafa. Paka ana pua kali, lakini mababu zake hawakukutana na chupa ya dukani. Silika yake ni hekima ya nchi nyingine.

Hata jani jema lina hila zake. Jani refu lenye kingo za msumeno huweza kunasa nyuma ya kaakaa likapanda puani, na paka akapiga chafya siku nzima, mpaka daktari wa mifugo alitoe.

Hoja ya pili inatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko wengine. Paka hakuogelea kuja kisiwani, aliletwa. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walifukua maziko ya miaka kama 9,500, mtu na paka wamezikwa karibu karibu, na habari yake ikatangazwa mwaka 2004. Hakuna paka wa asili katika kisiwa hicho. Basi huyo alipanda chombo pamoja na watu, kama alivyopanda majahazi yetu baadaye kulinda nafaka na kamba. Lakini kila kisiwa alichoteremka kilikuwa na viumbe wasiomjua. Katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, walinzi wa mnara wa taa walifika na paka katika miaka ya 1890, na baada ya muda mfupi ndege mmoja mdogo asiyeweza kuruka, aliyekuwa amesalia hapo peke yake duniani, akatoweka. Kwa hiyo anayesema "mwachie paka atoke, ndiyo haki yake" anasahau kuwa mjusi na chiriku nao wana dai lao. Kufunga mlango si dhuluma kila mara. Pengine ni uadilifu kwa asiyekuwamo chumbani.

Hoja ya tatu husemwa barazani, na husemwa kwa kicheko: watu wanalala na njaa nanyi mnajadili majani ya paka! Sitaki kuijibu kwa dharau, maana njaa si mzaha. Ila nauliza: nani amewahi kuona nyumba ambamo mnyama anafikiriwa kwa makini na mtoto wa jirani anasahauliwa kwa sababu hiyo? Mara nyingi jicho linaloona dogo ndilo linaloona na kubwa. Zaidi ya hayo, jani halina bei. Tunachodaiwa hapa ni kutazama, si fedha.

Basi baina ya kumwachia alale na mauti nje na kumhini ndani ipo njia ya tatu, ambayo ni kumwandalia. Na kwa kuwa maadili yasiyofika mikononi ni maneno matupu, na tuseme namna yake.

Chukua ngano nzima, isiyotwangwa. Ile iliyokobolewa kwa ajili ya bokoboko haitaota, kwa kuwa kiini chake kimeondolewa. Shayiri nayo ni nzuri. Inunuliwe penye nafaka ya kuliwa, si penye mbegu za kupanda, kwa maana mbegu za kupanda mara nyingi hupakwa dawa, na rangi yake huonyesha hivyo. Iloweke usiku mmoja, imwage maji, itandaze juu ya udongo safi katika kopo lililotobolewa chini, ifunike kwa udongo mwembamba, inyunyizie bila kuiloweza. Baada ya siku tatu au nne itachomoza. Baada ya wiki moja hadi siku kumi itakuwa na urefu wa kidole, laini, na hapo kopo liwekwe anapopita paka. Likianza kunyauka au kufanya ukungu litupwe, na jingine liwe limekwisha kupandwa. Paka akila na kutapika mara moja moja si neno. Akitapika kila siku, au akaacha chakula, au akatoa damu, hapo apelekwe kwa mganga wa mifugo, maana jani halipaswi kuwa pazia la ugonjwa.

Na kuna jambo ambalo mtu wa pwani aweza kulipita kwa kuwa lipo mkononi. Nafaka iliyo karibu nasi ni mtama, na mtu atasema, kwa nini nitafute ngano? Wafugaji wanajua sababu. Mtama mchanga, kabla haujakomaa, hutengeneza sianidi, na ng'ombe walioingia shambani wakati huo wameanguka na kufa. Kile kile ambacho punje yake ni uji wetu, chipukizi lake ni sumu. Mchaichai nao, ambao paka wengi huupenda na huukimbilia penye chungu cha uani, si wa kumwachia autafune atakavyo. Mafuta yake humvuruga tumbo, na yakikamuliwa yakawa makali humdhuru zaidi.

Kopo limekwisha kuota, paka anatafuna, mwenye nyumba ameridhika. Je, shauri limekwisha? Hapa ndipo ninapopata mashaka, na naomba msomaji ayapime pamoja nami.

Kopo lile ni ua uliopunguzwa mpaka ukatosha dirishani. Paka alikuwa na ukoka, na kivuli, na harufu ya paka mwingine ukutani, na mende wa kukimbiza, na usiku. Tumemrudishia kimoja. Inawezekana sana kwamba tumemrudishia kile kilicho rahisi ili tusiulizwe juu ya vingine. Zawadi ndogo ina hatari hiyo: inamnyamazisha mtoaji kuliko anavyoshiba mpewaji. Wale Ikhwan as-Safa wa Basra, katika karne ya 10, walitunga kisa cha wanyama waliowashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na mahali pa kesi palikuwa kisiwani. Wanadamu walipojitetea, moja ya hoja zao ilikuwa hii ya wema wao: tunawalisha, tunawanywesha, tunawakinga na baridi na wakali wa mwituni. Wanyama hawakuridhika na hoja hiyo, na hawakukosea. Anayekulisha ili umtumikie anajilisha mwenyewe.

Hata hivyo siwezi kusema kuwa kopo ni rushwa tupu. Mtu anayelipanda amelazimika kwanza kukiri kuwa ndani ya nyumba yake mna kiumbe chenye matilaba yasiyomhusu yeye. Jani halimfurahishi mwenye nyumba. Halimfanyi paka awe mpole zaidi, wala mzuri zaidi, wala mwenye shukrani. Mara nyingine humletea mwenye nyumba kazi ya kufuta mkeka. Kumpa mtu unachotaka wewe awe nacho ni rahisi. Kumpa alichotaka yeye, nawe hujui kwa nini, ni tendo jingine. Hapo, nadhani, ndipo ule ufa mwembamba baina ya kufuga na kufunga unapopanuka ukawa mlango. Mfungaji huuliza: kinamfaa nini? Mfugaji huuliza swali hilo, kisha huuliza na la pili: anataka nini? Na anapoona kuwa majibu mawili hayalingani, hafuti la pili kwa ajili ya la kwanza. Anakaa akafanya kazi ya kuyasuluhisha.

Kazi hiyo ina jina, nalo ni usalama. Lakini neno hilo limechafuliwa. Siku hizi usalama ni kufunga: ukuta, komeo, marufuku. Usalama wa jani la paka ni kinyume chake. Ni kutangulia kuondoa lili mtungini, kuhamisha mtapo, kuuliza mwenye duka kama nafaka imepakwa dawa, ili paka akija afanye alitakalo bila kutazamwa. Mlinzi hufanya kazi yake kabla, ili awepo mwingine huru baadaye. Kisha huondoka penye kopo.

Sikuandika haya kwa ajili ya paka peke yake. Katika miji yetu, na huko Muscat na London walikohamia ndugu zetu, zipo nyumba nyingi zenye mzee ndani. Amewekwa ghorofani kwa sababu ngazi ni hatari. Chakula chake kimepimwa kwa sababu ya sukari. Mlango unafungwa asije akapotea. Yote hayo ni kwa mapenzi, na mengi yake ni sawa. Lakini mzee anaomba tambuu, na tambuu haimfai. Anaomba kwenda kukaa barazani penye wenziwe, na barazani pana jua. Watoto wanamwambia, "Bibi, tunakuhurumia." Wala hawasemi uongo.

Naijua tofauti, na ni kubwa. Mzee ana akili na ana ulimi; anaijua hatari ya anachokiomba, na umri wake wote ni hoja. Mwenye kumhini yeye anahitaji sababu nzito mara mia kuliko mwenye kumhini paka, kwa maana nafsi yake ni yake. Paka haijui sumu ya lili wala hawezi kuridhia hatari yake, na kwa hiyo kazi ya kuondoa sumu inatuangukia sisi nzima, bila msaada wake. Lakini kile kinachofanana ni sisi, tuliokaa upande wa nje wa komeo. Desturi tunayoizoea kwa mdogo tutaitumia kwa mkubwa. Aliyejizoeza kusema "ni jani tu, halina faida" atasema siku moja "ni baraza tu".

Wahenga walinena pia kuwa paka wa nyumba haingwa. Nimeisikia ikitumika kumtetea mtu wa ndani asifukuzwe. Ni maneno mazuri, lakini yamefika nusu ya njia. Kutomfukuza ni mwanzo wa wema. Yule mwanamke wa hadithi naye hakumfukuza paka wake. Nusu iliyobaki ni kuangalia, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu njema, ni nini kilichobaki upande wa pili wa mlango huo ambacho tunaweza kukileta ndani, hata kama kwetu ni magugu.